Hoteli mbili katika safari moja ya Disney World: ndiyo, ila hama mara moja tu

Swali la wiki lilikuwa hili: familia inayokwenda Walt Disney World, lile eneo la bustani za burudani na hoteli huko Florida, kwa siku sita au saba, ina sababu gani ya kuhama hoteli katikati ya safari? Si kujitafutia kazi tu? Jibu langu ni kwamba sababu ipo, na wakati mwingine ni kubwa, mradi uhame mara moja tu na hoteli uichague kwa kuangalia bustani utakayoingia siku hizo. Bwawa zuri kwenye picha lije baadaye.

Anza na ramani. Eneo lile lina takriban kilomita za mraba 100, na bustani zake nne zimetawanyika. Magic Kingdom iko kaskazini kabisa. Animal Kingdom iko peke yake upande wa kusini magharibi. EPCOT na Hollywood Studios ndizo zinazokaribiana. Hoteli za Disney pale zinazidi 25, na hakuna hata moja iliyo jirani na bustani zote nne. Anayelala Contemporary anatembea kama dakika kumi tu kufika geti la Magic Kingdom, lakini kwenda Animal Kingdom lazima asubiri basi kama watu wengine. Anayelala Beach Club anaingia EPCOT kwa mlango wa nyuma kwa miguu, ila akitaka Magic Kingdom anapanda basi. Kwa hiyo ukikaa hoteli moja wiki nzima, ujue kuna siku utalipia ukaribu usioutumia.

Faida ya kuhama iko hapo. Siku za Magic Kingdom ziweke pamoja, siku za EPCOT na Hollywood Studios ziweke pamoja, kisha kila fungu litafutie hoteli yake. Wenye bajeti ya kawaida wanaweza kukaa usiku nne Pop Century, iliyo katika kundi la hoteli za bei nafuu lakini ina kituo cha Skyliner, yale magari madogo yanayoning'inia kwenye waya yaliyoanza kubeba watu Septemba 2019. Kituo hicho kiko juu ya ziwa dogo kati ya Pop Century na Art of Animation. Unapanda hapo, unabadilisha gari kituo cha Caribbean Beach, kisha unashukia Hollywood Studios au EPCOT. Usiku mbili za mwisho unahamia hoteli ya gharama iliyo kwenye njia ya monoreli (treni ya reli moja), kwa ajili ya Magic Kingdom. Jambo moja la kukumbuka: radi au upepo mkali ukianza, Skyliner husimamishwa. Mchana wa kiangazi Florida mvua za radi ni za kawaida, kwa hiyo usipange meza ya chakula upande wa pili dakika ishirini baada ya kutoka chumbani.

Msomaji wa Kiswahili atafurahia sababu nyingine ya kuhama: Animal Kingdom Lodge. Hoteli hii ya mwaka 2001 ina jengo linaloitwa Jambo House na jingine Kidani Village, migahawa inayoitwa Boma, Jiko na Sanaa, na mbuga zinazoitwa Arusha, Uzima na Pembe. Ndani ya mbuga hizo twiga na pundamilia wanapita chini ya roshani yako. Ni pazuri sana, lakini usafiri wake wote ni basi, na ni mbali na kila kitu isipokuwa bustani ya Animal Kingdom. Kulala pale wiki nzima ni kujichosha. Usiku mbili zinatosha: jioni ya kwanza na asubuhi mbili za kukaa roshani na kikombe cha kahawa mapema, jua likiwa bado halijawa kali na wanyama wakiwa wanatembea. Ukibuku, hakikisha chumba ni cha kutazama mbuga. Vyumba vya bei ya chini katika hoteli hiyo hiyo havitazami mbuga, na mtu akifika ndipo anagundua roshani yake imeelekea maegesho ya magari.

Sasa siku yenyewe ya kuhama. Wengi hukosea hapa, kwa sababu wanadhani wanahama kutoka chumba hadi chumba. Chumba cha kwanza unakitoa saa 5 asubuhi. Cha pili kinaanza kupatikana saa 9 alasiri, na vyumba vya vila ni saa 10. Katikati kuna saa nne au tano huna chumba. Ukizitumia kukaa mapokezi na watoto wenye njaa, umepoteza siku. Zitumie bustanini.

Usiku wa kabla, fungasha kila kitu isipokuwa nguo za kesho. Angalia sehemu nne ambazo vitu husahaulika: kisefu cha ukutani, friji, ndoano ya nyuma ya mlango wa bafuni, na soketi iliyo kando ya kitanda ambako chaja hubaki. Asubuhi, kabla ya kwenda bustanini, peleka mabegi kwa wahudumu wa mizigo na uwaambie unahamia hoteli gani ya Disney. Watayasafirisha wao, bila malipo, ingawa bakshishi ya dola moja au mbili kwa kila begi ni desturi ya Marekani. Wape jina lililoandikwa kwenye buking ya hoteli ya pili na namba yake ya uthibitisho. Namba ya buking ya kwanza haitawasaidia. Yahesabu mabegi mbele yao, tunza kile kikaratasi wanachokupa, na ukipige picha kwa simu. Mabegi hufika alasiri. Ukishaingia chumbani, piga simu mapokezi uletewe, usiende kuyafuata mwenyewe.

Kuna vitu ambavyo havipandi gari lile hata kama begi limefungwa vizuri: dawa, pasipoti, pesa, kompyuta, vitu vya dhahabu, na chakula cha kwenye friji. Begi linaweza kukaa saa nyingi kwenye stoo au nyuma ya gari, na insulini au maziwa ya mtoto havivumilii joto la Florida. Viweke kwenye begi dogo la mgongoni pamoja na nguo za kuogelea, maana ukifika hoteli mpya kabla chumba hakijawa tayari unaruhusiwa kutumia bwawa. Na yule mdoli ambao mtoto halali bila yeye, naye apande begi la mgongoni. Mizigo ikichelewa hadi saa 2 usiku, mtalala bila miswaki na mtaishi, lakini bila mdoli hakuna atakayelala.

Jambo la usafiri linalowashangaza watu: hakuna basi la Disney linalotoka hoteli moja moja kwa moja hadi nyingine. Lazima upitie bustanini au Disney Springs, eneo lao la maduka na migahawa. Ndiyo maana bustani ya siku ya kuhama inapaswa kuwa ile iliyo kati ya hoteli zako mbili. Mfano mzuri kuliko yote ni kutoka Pop Century kwenda Beach Club. Asubuhi unaacha mizigo na kupanda Skyliner hadi EPCOT, ambayo inakushusha mlango wa International Gateway, karibu na banda la Ufaransa na la Uingereza. Unakaa humo mchana kutwa. Jioni unatoka kwa mlango ule ule, unatembea dakika chache, na uko hoteli mpya. Hujapanda basi hata moja, na mabegi yamekutangulia. Vivyo hivyo anayekwenda Contemporary aitumie siku hiyo Magic Kingdom. Ukichukua teksi, kumbuka kwamba kwenda Magic Kingdom teksi inaishia kituo kikubwa cha usafiri ng'ambo ya ziwa, na kutoka hapo unapanda feri au monoreli, wakati basi la hoteli linakushusha karibu na geti.

Upande wa buking, uchukulie kuwa una safari mbili zilizogusana. Majina ya watu wote yawe kwenye buking zote mbili, yameandikwa kwa herufi zile zile, na yote yaunganishwe kwenye akaunti moja ya programu ya Disney. Mtu akiwa Mohamed kwenye moja na Muhammad kwenye nyingine, mfumo unaweza kumwona ni watu wawili. Tiketi inabaki kwa mmoja na chumba kwa mwingine, na bangili yake ya Disney, ile inayotumika kama ufunguo wa chumba, haifungui mlango. Kadi ya benki ya kulipia manunuzi kwa bangili nayo iweke upya kwenye hoteli ya pili. Tiketi za bustani zinunuliwe mara moja kwa safari nzima. Ya siku tano, kwa mfano, hutumika ndani ya siku nane, kwa hiyo kuhama hoteli hakuigusi.

Meza za migahawa hufunguliwa siku 60 kabla ya kuingia, na mgeni wa hoteli anaweza kubuku kwa siku hadi kumi za ukaaji wake. Lightning Lane, njia ya kulipia ili kupunguza foleni, hufunguliwa siku saba kabla, saa 1 asubuhi kwa saa za Florida. Andika kwenye kalenda tarehe za hoteli zote mbili. Siku za nusu ya pili zikikataa kwenye programu, zijaribu tena unapohesabu kutoka tarehe ya kuingia hoteli ya pili. Kuingia bustani nusu saa kabla ya wengine ni haki ya kila mgeni wa hoteli za Disney, hata siku ya kuingia, kwa hiyo siku ya kuhama haikunyimi. Lakini saa za ziada za usiku, zinazotolewa usiku maalumu kwenye bustani maalumu, ni za wageni wa hoteli za daraja la juu na vila tu. Tazama kalenda ya bustani kwanza, kisha usiku wako wa gharama uangukie usiku huo. Huu ni uamuzi mmoja unaoweza kuhalalisha gharama yote ya kuhama.

Kuhusu pesa, panga nafuu kwanza, ghali mwishoni. Siku za mwanzo mna nguvu, mnatoka alfajiri na kurudi usiku, chumba mnakitumia kulala tu. Linganisha pia bei ya kila usiku peke yake: usiku wa Ijumaa na Jumamosi mara nyingi huwa juu. Na usisahau kuuliza masharti ya punguzo, kwa kuwa baadhi ya ofa hutaka usiku kadhaa mfululizo katika buking moja, na ukiigawa safari ofa inakufa.

Wanaoongeza Universal Orlando, bustani za kampuni nyingine katika eneo hilo hilo la Orlando, wana sababu nzuri zaidi ya kuhama. Hoteli tatu kati ya zake, Portofino Bay, Hard Rock na Royal Pacific, humpa kila mgeni wa chumba pasi ya Express Unlimited, ya kupita foleni fupi, inayofanya kazi siku ya kuingia na siku ya kutoka. Usiku mmoja unakupa siku mbili nzima. Fika asubuhi na mapema, jiandikishe mapokezi, acha mizigo, chukua pasi kwenye mashine, uende. Kesho yake chumba unakitoa saa 5 asubuhi, na pasi inaendelea hadi bustani ifungwe. Tiketi ya bustani bado unanunua, na pasi hiyo haifanyi kazi Epic Universe, ile bustani iliyofunguliwa Mei 2025. Mizigo kutoka Disney unaibeba mwenyewe kwa teksi, na maegesho ya hoteli za Universal yanalipiwa, tofauti na ya Disney.

Wa kukaa hoteli moja ni wale wenye usiku chini ya tano, wenye mtoto mchanga aliyezoea kitanda chake, na wanaotumia vifaa vya kukodi kama kigari cha umeme, ambavyo kampuni huleta na kufuata hotelini. Hao wakilazimika kuhama, waipe kampuni anwani zote mbili na tarehe ya kuhama siku wanapokodi.