Osmometa imesoma 288, kwa nini fomula imekataliwa?

Mkuu, swali lako nimelisoma mara mbili, maana nami nilikwama papo hapo nilipoanza kazi ya kutengeneza dawa za sindano. Unasema dawa yako ni ya kuchomwa mshipani, uzito wake kwenye mmumunyo ni mdogo sana, ukaongeza gliserini 2.6% ili ulingane na damu. Osmometa, yaani mashine inayopima wingi wa chembe zilizoyeyuka, ikasoma 288 mOsm/kg, na plazma (majimaji ya damu) ya mtu mzima huwa kati ya 275 na 295. Msimamizi wako akaikataa, akasema huo mmumunyo si isotoniki, yaani seli za damu hazitabaki salama ndani yake. Sasa unataka kujua nani kakosea, yeye au mashine.

Wote wawili wako sawa, ila kila mmoja anajibu swali lake. Osmometa ya kugandisha inachukua tone la sampuli, inalipoza hadi chini ya kiwango chake cha kuganda likiwa bado majimaji, halafu inalishtua ghafla ligande. Barafu inapojijenga inatoa joto, halijoto inapanda kidogo na kutulia, na hapo ndipo mashine inaposoma. Osmoli 1 (moli 1 ya chembe zilizoyeyuka) ndani ya kilo 1 ya maji inashusha kiwango cha kuganda kwa 1.86 °C, na plazma huganda kwenye -0.52 °C hivi. Kwa hiyo mashine inajua idadi ya chembe tu. Ziwe za chumvi, sukari, urea au gliserini, kwake ni mamoja.

Seli nyekundu ya damu haioni hivyo. Utando wake unaizuia sodiamu ibaki nje, ila gliserini inapita. Gliserini ikishaingia, chembe za ndani zinakuwa nyingi kuliko za nje, maji yanaifuata, seli inavimba hadi inapasuka. Osmolaliti ni hesabu ya chembe zote. Tonisiti inahesabu zile tu zinazoshindwa kuvuka utando, kwa sababu hizo ndizo zinazoyavuta maji na kuyashikilia.

Mimi sikuelewa hili kwa maneno, nilielewa kwa macho. Mfamasia aliyenifundisha kazi alipanga mirija 3 mezani: mmoja una sodiamu kloridi 0.9%, wa pili maji ya sindano matupu, wa tatu gliserini 2.6%. Kila mmoja akautilia tone la damu iliyozuiwa isigande, akautikisa polepole, kisha akasimamisha karatasi iliyochapwa nyuma ya mirija. Ule wa maji ulibadilika palepale ukawa mwekundu angavu kama sharubati iliyochujwa, nikasoma herufi zote za nyuma. Ule wa chumvi ulibaki na ukungu, herufi hazionekani, maana seli bado nzima na zinazuia mwanga. Tukauacha, seli zikatuama chini taratibu na juu yake yakabaki majimaji yasiyo na rangi. Ule wa gliserini ulianza na ukungu kama wa chumvi, nikafikiri nimeshinda ubishi. Nikiwa bado nimeukazia macho, ukungu ukaanza kutoweka na herufi zikajitokeza moja baada ya nyingine. Sijausahau mrija ule. Asidi ya boriki 1.9% ingefanya vilevile: kwenye matone ya macho inafaa, lakini seli za damu inazipasua ingawa osmometa inaipitisha.

Najua utauliza, mbona emulsheni za mafuta za mshipani zina gliserini 2.25% na zinatumika kila siku? Swali zuri. Vitone vya mafuta ndani yake vimevikwa fosfolipidi ya yai (aina ya mafuta) yenye chaji hasi, na chaji hiyo ndiyo inayovifanya visukumane. Ukimwaga chumvi humo, sodiamu inaifunika chaji, vitone vinaungana, na mafuta yanajitenga. Ndiyo maana wanatumia gliserini. Kisha emulsheni haiendi kukutana na seli zikiwa peke yake, inaingia kwenye damu inayotiririka yenye sodiamu yake karibu 140 mmol/L. Mrija wangu haukuwa na kinga hiyo. Lakini wewe una mmumunyo wa maji mtupu, hivyo sababu hiyo huna, na hapo namuunga mkono msimamizi wako.

Hesabu ya chumvi ni nyepesi. Kila dawa ina namba inayoonyesha gramu 1 yake ni sawa na gramu ngapi za sodiamu kloridi kwa kushusha kiwango cha kuganda. Majedwali ya famasia yanaiita thamani ya E. Tuseme dawa ina E ya 0.20 na unatengeneza 2% kwenye mililita 100. Gramu 2 mara 0.20 ni gramu 0.40 za chumvi. Mililita 100 zinahitaji 0.90, kwa hiyo unaongeza 0.50. Ikiwa dawa peke yake imeshapita 0.90, usihangaike kuongeza kitu.

Halafu usishtuke chumvi yenyewe ikisoma pungufu ya hesabu. Gramu 9 kwa lita ni milimoli 154, ioni mbili mbili zinakuwa 308, lakini osmometa itakupa kama 286. Ioni zinavutana, hazifanyi kazi kama zilizo huru kabisa. Vijana wengi wanadhani wamepima chumvi pungufu na wanaongeza. Usiongeze.

Kosa langu mimi lilikuwa la glukosi. Niliandaa 5% nikitarajia 278, mashine ikang'ang'ania 250 na kidogo. Nikailaumu mashine, nikairekebisha upya kwa sampuli sanifu ya 290, jibu lile lile. Jioni ndiyo nikageuza kopo nikasoma lebo vizuri: ilikuwa glukosi monohaidreti, yenye maji ndani ya fuwele zake. Gramu 50 zake zinatoa milimoli 252 tu, wakati ile kavu inatoa 278. Tangu siku hiyo naandika aina ya haidreti kwenye karatasi ya kazi kabla hata ya kugusa mizani.

Na glukosi 5% ina hatari yake yenyewe. Kwenye chupa inakaribia damu na haipasui seli inapoingia, lakini mwili ukishaitumia sukari, kinachobaki ni maji matupu. Ukimpa mtoto mgonjwa dripu hiyo kwa saa nyingi bila sodiamu, sodiamu ya damu inashuka na ubongo unaweza kuvimba. Mwaka 2018 chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kilishauri watoto wa kuanzia siku 28 hadi miaka 18 wanaohitaji dripu za kuendeleza mwili wapewe zile za isotoniki, ukiacha makundi machache maalumu.

Jambo jingine, kabla ya kuweka chumvi hakikisha dawa yako inaivumilia. Amfoterisini B ya kawaida (dawa ya fangasi) ikikutana na sodiamu kloridi inaganda na kutengeneza mashapo, inatakiwa glukosi 5%. Fenitoini (dawa ya kifafa) ni kinyume, hiyo inataka chumvi na ikiwekwa kwenye glukosi inatoa fuwele. Pia dawa za unga zilizokaushwa kwa baridi mara nyingi tayari zina manitoli (kitu cha jamii ya sukari) ndani. Lebo ikisema maji ya sindano, weka maji ya sindano, maana chumvi itaisukuma juu kuliko inavyotakiwa. Lakini maji hayo ni ya kuyeyushia dawa tu. Mfuko mzima wa maji matupu usiingie mshipani kamwe.

Kwa hiyo rudia mmumunyo wako kwa sodiamu kloridi, pima osmolaliti, kisha fanya jaribio la mirija ukiweka 0.9% na maji ya sindano pembeni kwa kulinganisha. Mpelekee msimamizi majibu yote mawili. Ila hukutaja kitu kimoja mkuu: dawa yako ni haidrokloridi (dawa iliyounganishwa na kloridi) au imeunganishwa na kitu kingine? Kama ni haidrokloridi isiyoyeyuka sana, kloridi ya ziada inaweza kuitoa kwenye mmumunyo, na hapo itabidi tuzungumzie manitoli. Tuambie.