Ukumbi wa sanaa wa shule: ukiambiwa "imebaki rangi tu"

Mkandarasi akikwambia "hapa imebaki rangi tu, bosi," ujue kazi yako wewe ndiyo kwanza inaanza. Nawaandikia mnaoingia kwenye usimamizi wa majengo, na hasa wewe mwalimu wa muziki au maigizo uliyejikuta kwenye kamati ya ujenzi bila kuulizwa. Darasa hupokelewa kwa macho: ukuta umenyooka, paa halivuji, madirisha yanafunga, weka saini. Ukumbi wa maonyesho ukiupokea kwa macho, utaletewa malalamiko hadi ustaafu.

Tuanze na sauti, maana hapo ndipo majengo mazuri huharibika. Mwaka 1895 Chuo Kikuu cha Harvard kilikuwa na ukumbi mpya wa mihadhara ambamo mhadhiri hakueleweka. Neno likitamkwa, sauti yake iliendelea kuvuma kwa zaidi ya sekunde 5, ikafunika maneno yaliyofuata. Mwalimu kijana wa fizikia, Wallace Sabine, akapewa kazi ya kutafuta dawa. Usiku alihamisha mito ya viti kutoka ukumbi mwingine wa chuo hicho, akaipanga, akapuliza bomba la ogani, akapima sauti inakufa baada ya muda gani. Aligundua kwamba uvumaji unategemea ujazo wa ukumbi na wingi wa vitu vinavyomeza sauti ndani yake. Mpaka leo wahandisi wanapiga hesabu kwa kanuni yake.

Kwako wewe maana yake ni hii. Maigizo na hotuba vinahitaji sauti ife ndani ya sekunde 1 hivi. Kwaya na okestra hupendeza ikidumu kati ya 1.5 na 2. Ukumbi wa shule hufanya yote, ndiyo maana mchoro una mapazia mazito ya ukutani ya kufungua na kufunga, na vibao vya kumeza sauti. Fedha zikipungua mwishoni, hivyo ndivyo vitu vya kwanza kufutwa, kwa sababu kwenye mchanganuo wa gharama vinaonekana kama mapambo. Kataa. Wapunguze vigae vya kifahari vya mlangoni.

Kupima si lazima usubiri mtaalamu. Simama katikati, piga kofi moja kali. Ukisikia mtetemo wa "trrr" ukikimbia, kuna kuta mbili tupu zinazotazamana na kurushiana sauti. Kufunika mojawapo mara nyingi hutosha. Ila kumbuka kwamba ukumbi mtupu huvuma kuliko ukiwa na watu, kwani miili na nguo humeza sauti. Kisha washa viyoyozi vyote, mwambie mwanafunzi asome jukwaani kwa sauti ya kawaida, nawe kaa kiti cha mwisho kabisa. Usipoyasikia maneno vizuri, chanzo mara nyingi ni kelele ya hewa inayosukumwa kwa kasi kwenye njia nyembamba. Mwite mhandisi wa mitambo mwenyewe, si fundi aliyeshika bisibisi.

Sakafu ya jukwaa nayo. Wacheza ngoma wanahitaji mbao zinazonesa, zilizolala juu ya mihimili yenye vipande vya mpira. Mbao zilizogandishwa moja kwa moja kwenye zege zitawaumiza miundi na magoti. Halafu kuna haraka: zege limechelewa kumwagwa, tarehe ya uzinduzi imeshatangazwa, fundi anataka kupachika mbao kesho. Mafundi wengi hukadiria mwezi mmoja wa kukauka kwa kila milimita 25 za unene, na hali ya hewa yenye unyevu huongeza. Dai kipimo cha unyevu kwa maandishi. Nimeona jukwaa ambalo mbao zilivimba zikanyanyuka katikati, mlango wa pembeni ukawa haufunguki.

Rangi ya jukwaa iwe nyeusi isiyong'aa. Vyoo, vioo vya vyumba vya kubadilishia nguo, kagua kama kawaida. Piano kubwa ya tamasha ina urefu wa mita 2.7 na uzito unaokaribia nusu tani, kwa hiyo pima njia yake yote, kuanzia lori linaposimama hadi jukwaani.

Sasa zima taa. Zote, hata za korido. Alama za kutokea zinapaswa kubaki zinawaka, na kingo za ngazi zionekane. Mwambie mtu asiyelijua jengo atoke peke yake. Hili sitalifanyia mzaha: tarehe 30 Desemba 1903, ukumbi wa Iroquois mjini Chicago uliungua ukiwa na wiki 5 hivi tangu ufunguliwe, na zaidi ya watu 600 walikufa, wengi wao wanawake na watoto. Ulifunguliwa kabla vifaa vya kuzimia moto havijakamilika. Milango mingine ilikuwa imefungwa, mingine ina komeo ambazo watu hawakujua kuzifungua. Kwa hiyo kila mlango wa dharura usukume kwa mkono wako mwenyewe, ufunguke kwa nje, kwa msukumo mmoja, bila ufunguo. Kisha tazama juu: kila bomba la kuning'inizia taa liandikwe kilo linazobeba, na kila taa iwe na waya wa pili wa usalama.

Tukija kwenye makaratasi. Cheti cha kukamilika si cha kumfurahisha mtu. Kwenye mikataba mingi, siku kinapotoka, mkandarasi hulipwa sehemu ya fedha zake zilizozuiliwa kama dhamana ya kazi, kipindi cha matazamio (muda ambao bado analazimika kurekebisha kasoro) kinaanza, na jukumu la kulilinda jengo linahamia shuleni. Hata kulitumia mapema kunaweza kuhesabiwa umelipokea, basi mazoezi yoyote kabla ya cheti yawe na makubaliano ya maandishi. Orodha ya kasoro itaje chumba, ukuta, na picha. "Marekebisho madogomadogo" hayarekebishwi na mtu. Dai michoro ya jengo lilivyojengwa kweli, nywila za mtambo wa taa, na mafunzo kwa watu wawili au zaidi, yakirekodiwa kwa video, kwa sababu yule anayejua peke yake ndiye atakayehamishwa.

Kabla ya saini, jaza ukumbi wanafunzi na ufanye onyesho la majaribio mafundi wa umeme na mitambo wakiwa ndani. Viti vitalia, swichi itakatika, yote yaingie kwenye orodha. Na kwenye kalenda yako weka ukaguzi mwezi mmoja kabla ya matazamio kuisha. Ukisubiri wiki ya mwisho, mkandarasi yuko kwenye mradi mwingine na simu inaita tu.