Demareri inazunguka, gari haliwaki: maswali yenu kuhusu komoni reli

Barua nyingi za mwezi huu zinalia kilio kimoja: injini ya mazutu (dizeli) ya komoni reli, yaani ile ambayo injekta zote, vipuli vinavyopuliza mazutu ndani ya silinda, hulishwa na bomba moja la presha kubwa, inazungushwa na demareri (starta) lakini haishiki. Tumechagua nne.

Pikapu yangu ni ya silinda nne. Asubuhi inawaka mara moja. Nikienda Sake na kurudi, nikazima dakika kumi tu pale soko la Virunga, haiwaki tena mpaka ipoe nusu saa na zaidi. Garaji inasema ninunue injekta nne mpya. Ni kweli?
*Msomaji wa Ndosho, Goma*

Huenda ni kweli, ila garaji yako bado haijathibitisha, na injekta nne si fedha ya kutoa kwa kubahatisha.

Katika injini hizi kompyuta haifungui injekta hata moja mpaka presha ndani ya rampa, lile bomba nene la chuma linalogawa mazutu kwa silinda zote, ifike kiwango fulani. Kwa injini nyingi ni kati ya bari 200 na 300. Mazutu ikipata moto inakuwa nyepesi, inapenya kwenye injekta zilizolika na kurudi tanki kabla presha haijapanda. Ikipoa inakuwa nzito kidogo, presha inapanda, gari linawaka. Hapo ndipo garaji yako inaposimamia. Lakini sensa ya krenki, inayohesabu mizunguko ya injini, nayo ina tabia hiyohiyo: waya mwembamba wa ndani yake hukatika ukipata moto, ukipoa unagusana tena. Dalili ni moja, magonjwa mawili, na bei zake hazikaribiani.

Basi subiri gari likatae, uunganishe skana, kifaa kinachosoma kompyuta ya gari, hapohapo likiwa bado moto. Fungua ukurasa wa vipimo vinavyobadilika, zungusha demareri sekunde tano hadi kumi, na macho yawe kwenye mistari miwili: mizunguko kwa dakika na presha ya rampa.

Mizunguko ikisoma 0 huku injini inazunguka, achana na injekta. Kagua sensa ya krenki, soketi yake na nyaya zake. Mara nyingi utakuta kodi ya kosa P0335, ila isipokuwepo usiiondolee sensa lawama kwa sababu hiyo tu. Mizunguko ikiwa 200 au 250 na presha imekwama bari 80 au 120, mazutu inavuja ndani kwa ndani au pampu haisukumi ya kutosha. Na mizunguko ikiwa 130 tu, rudi nyuma kabisa, kwenye batri: ikiwa imetulia ionyeshe karibu volti 12.6, na wakati wa kuzungusha isishuke chini ya 9.6. Usisahau waya wa masi (wa hasi) kati ya injini na bodi. Ukiwa umeota kutu, hata batri mpya haitaokoa kitu.

Ikithibitika kwamba presha haipandi, sasa ndipo unamtafuta mwizi. Kama mipira ya kurudisha mazutu iko wazi juu ya injekta, ichomoe, upe kila injekta mpira wake na chupa yake, chupa zote zilingane. Njia ya kurudi tanki izibwe ili isimwage. Zungusha, kisha linganisha. Inayojaza chupa mara mbili au tatu kuliko wenzake ndiyo mbovu. Zikilingana zote na zote ni nyingi, basi zote zimelika, na garaji yako ilikuwa na haki.

Kwenye injini ambazo bomba la kurudi limefichwa chini ya kifuniko cha vali, tumia vizibo vya chuma vilivyotengenezwa kwa kazi hii, nyuzi M12 au M14 kulingana na rampa. Toa bomba la injekta ya kwanza, ziba tundu lake kwenye rampa, zungusha, soma presha. Rudisha bomba, nenda ya pili, hivyo hivyo mpaka ya nne. Presha ikiruka juu ulipoziba moja, umeipata. Presha ikikataa kupanda hata ulipoziba matundu yote manne kwa sekunde chache, injekta hazina hatia: kosa liko kwenye pampu, kwenye vali inayopima mazutu inayoingia ndani ya pampu, au kwenye vali ya usalama mwishoni mwa rampa. Ile vali ya pampu ijaribiwe kwanza. Hufungwa kwa bolti mbili tu, na kwa pampu nyingi za Denso koili yake husoma karibu omu 2 ikiwa baridi. Bei yake ni ndogo sana ukilinganisha na pampu nzima.

Ukibadilisha injekta, weka pete mpya ya shaba (washa), na mwambie fundi aingize kwenye kompyuta namba ya kalibresheni iliyochapwa juu yake. Bila namba hiyo gari linaweza kuwaka, lakini litagonga na kutoa moshi.

Prado yangu asubuhi inazunguka muda mrefu ndipo inashika. Baada ya hapo siku nzima haina shida. Nimebadilisha buji zote nne, hakuna tofauti.
*Msomaji wa Ibanda, Bukavu*

Hapa kwetu buji za kupashia moto husingiziwa mno. Bukavu na Goma ziko kwenye mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari, lakini asubuhi zake si za baridi kali, na injini ya komoni reli yenye kompresheni nzuri (mbano wa hewa ndani ya silinda) itawaka hata buji zikiwa zimekufa, kwa moshi mweupe na kutetemeka kidogo. Lubumbashi mwezi wa saba ni habari nyingine.

Kesho kabla ya kugusa ufunguo, bonyeza pampu ya mkono iliyo juu ya filta mpaka iwe ngumu. Gari likishika papo hapo, shida yako ni hewa: usiku mazutu imerudi nyuma kuelekea tanki. Upande huu pampu inavuta, haisukumi, kwa hiyo tundu dogo linaingiza hewa bila kudondosha hata tone la mazutu. Ndiyo maana fundi anaangalia chini, anaona pakavu, anasema hakuna uvujaji. Funga kipande cha mpira unaoona ndani, kama sentimita 30, kati ya filta na pampu, kisha mtu azungushe. Mapovu yakipita, fuata njia ukirudi nyuma: pete ya mpira ya filta, skrubu ya kutolea maji chini yake, klipu, mipira iliyopasuka, na hata pampu ya mkono yenyewe, ambayo huchakaa ndani.

Pasipokuwa na mapovu, tazama ekzosi wakati wa kuzungusha. Moshi mweupe unaonuka mazutu mbichi maana yake injekta zinapuliza lakini haiungui: pima kompresheni. Pasipo moshi kabisa, injekta hazifunguki. Rudi kwenye presha ya rampa, na uangalie pia sensa ya kemu (shafti inayofungua vali), kodi P0340.

Nilinunua mazutu ya bidoni kwa kadafi (muuza mafuta wa barabarani), gari likazima njiani. Naweza kulegeza nati za injekta kutoa hewa, kama tulivyofanya kwenye injini ya Toyota 1HZ?
*Msomaji wa Majengo, Goma*

Hapana! 1HZ ni injini ya pampu ya kimekanika. Rampa ya komoni reli injini ikiwa inawaka hubeba bari zaidi ya 1,000, na mchirizi wake hupenya ngozi kama sindano. Jeraha linaonekana dogo, lakini ni la kukimbilia hospitali saa hiyohiyo. Zima, ngoja dakika kadhaa, ndipo uguse mabomba hayo. Na nyaya za injekta usizishike ufunguo ukiwa wazi, kwani zinapata umeme mkubwa kuliko volti 12.

Legeza skrubu iliyo chini ya filta, kinga kwenye chupa safi, acha itulie dakika kumi. Maji yatakaa chini. Yakiwa mengi, mwaga tanki lote, badilisha filta, ujaze upya kwa pampu ya mkono. Usimimine mazutu katikati ya filta mpya, maana itafika pampuni bila kuchujwa. Kisha pasua filta ya zamani na uitazame juani. Ukiona unga unaometameta, pampu inajisaga yenyewe, kwa kawaida kwa maji au kwa mazutu iliyochanganywa na mafuta ya taa, ambayo hayalainishi chuma. Hapo kubadilisha pampu peke yake ni kutupa fedha: tanki, mabomba, rampa na injekta vyote visafishwe, la sivyo unga uleule utaiua na pampu mpya.

Je, ile dawa ya kupuliza yenye eteri ina ubaya?
*Msomaji wa Katindo, Goma*

Ina ubaya. Buji zikiwa nyekundu, eteri hulipuka kabla pistoni haijafika juu, na kinachopinda ni fimbo ya pistoni. Tena haikuambii chochote kuhusu presha.