Soko la Cai Rang halimo kwenye safari ya siku moja

Mnaouliza kama ziara ya siku moja kutoka Ho Chi Minh City, Vietnam, itawafikisha soko la kuelea la Cai Rang, ambako watu huuza bidhaa juu ya mashua mtoni: hapana, kwa ziara ya kawaida hamtaliona. Ziara nyingi za siku moja za delta ya mto Mekong huishia miji ya My Tho na Ben Tre, kama kilomita 70 hadi 90 kutoka mjini. Cai Rang liko jiji la Can Tho, karibu kilomita 170, na basi huchukua saa tatu hadi nne. Soko lenyewe huchangamka alfajiri, kuanzia saa kumi na moja hivi, na kufika saa tatu asubuhi mashua nyingi zimeshatawanyika. Ukiondoka Ho Chi Minh City saa mbili asubuhi, hesabu haikubali.

Mimi na wenzangu tulilala Can Tho tukatoka na mashua kabla ya jua. Fanyeni hivyo. Mkiwa kikundi, kodini mashua yenu wenyewe, gharama mnagawana. Angalieni miti mirefu iliyosimamishwa kwenye mashua: wauzaji wa jumla hutundika juu yake mfano wa wanachouza, nanasi, boga au kabichi, uone kwa mbali.

Ila soko limepungua sana kuliko zamani, kwa sababu barabara zimechukua biashara ya mto.

Kama siku ni moja tu, Ben Tre bado inafaa: mitumbwi kwenye mifereji myembamba, mashamba ya minazi, pipi za nazi zikipikwa mbele yenu. Muulizeni tu anayewauzia ziara aandike jina la kila kituo kabla hamjalipa.