Homoni kwa maumivu ya viungo: aliyepona kwa siku tatu alipewa nini?

SWALI: Shikamoo Daktari. Nina miaka 51, ni mwalimu, naishi Usa River. Hedhi ilikoma mwaka jana, na tangu hapo bega la kulia, vidole na visigino havinipi raha. Asubuhi hata vifungo vya gauni vinanishinda. Nimemeza diklofenaki mpaka tumbo limechafuka. Mwenzangu wa kazini aliuziwa Arusha mjini dawa ya kubalansi homoni, akapona ndani ya siku tatu. Nimeambiwa nipime kwanza homoni zote, kisha nipewe kopo la miezi mitatu. Nianze? Au kuna homoni ya hospitali iliyo bora zaidi?

JIBU: Marahaba, mama. Tuanze na huyo mwenzako, maana karibu kila anayeniuliza jambo hili ana mwenzake aliyepona upesi.

Estrojeni, ambayo ndiyo hupungua hedhi inapokoma, haimwondolei mtu maumivu ya viungo kwa siku tatu. Hata joto la ghafla na jasho la usiku, ambavyo inavitibu vizuri kuliko dawa nyingine zote, huhitaji wiki kadhaa kutulia. Kwa hiyo nikisikia kopo lisilo na jina la kiwanda limemwinua mtu kitandani kwa siku tatu, nashuku ndani mna deksamethazoni au prednisoloni, pengine na diklofenaki juu yake. Hizo mbili za kwanza, ziitwazo steroidi, nazo ni homoni, za ukoo wa kotizoli inayotengenezwa na tezi zilizo juu ya figo. Kwa hiyo muuzaji hata hajadanganya sana! Ila hazihusiani kabisa na kukoma kwa hedhi.

Sisemi kwamba ni sumu. Hospitali tunazitumia, kwa kipimo tunachokijua, kwa ugonjwa tunaoujua, tukiwa tumepanga lini tutazipunguza. Kinachonikera ni kumpa mama wa miaka 51 unga ambao hata anayeuuza hajui una miligramu ngapi. Zitaficha maumivu, naam. Wakati huohuo uso utavimba uwe wa duara (majirani watasema "umenawiri"), presha na sukari vitapanda, na mifupa, ambayo tayari inapungua nguvu kwa sababu ya kukoma hedhi, itamomonyoka kwa kasi zaidi. Nawaona wakija na nyonga iliyovunjika kwa kuanguka jikoni.

Hicho kipimo cha "homoni zote" usikilipie. Kwa mwanamke aliyepita miaka 45 ambaye hedhi imekoma miezi 12, jibu tunalo tayari bila damu. Katika kipindi cha kuelekea ukomo, homoni hizo hupanda na kushuka wiki hadi wiki, kwa hiyo karatasi yenye mishale mingi haibadilishi tiba. Kazi yake ni kukutisha ili kopo linunulike.

Sasa homoni ya hospitali. Uhusiano wa estrojeni na viungo upo kweli, si hadithi. Wanawake wenye saratani ya matiti wanaopewa letrozoli au anastrozoli, dawa zinazozima utengenezaji wa estrojeni, mara nyingi hupata maumivu ya viungo na kukakamaa vidole. Kupungua kwake kunauma. Lakini je, kuirudisha kunaponya kiasi gani? Katika utafiti mkubwa wa Marekani wa wanawake 10,739 waliokuwa wameondolewa kizazi, baada ya mwaka mmoja waliopewa vidonge visivyo na dawa 79 kati ya 100 walikuwa na maumivu ya viungo. Waliopewa estrojeni, 76. Nafuu ipo, ila ni ndogo. Kwa kano za nyonga (kano ni kamba zinazoshikiza msuli kwenye mfupa), watafiti wa Australia walijaribu krimu ya homoni, na kwa jumla haikuishinda krimu tupu, isipokuwa kwa wanawake wasio na uzito mkubwa. Walichokiona kikisaidia ni elimu na mazoezi.

Kwa hiyo kama unaamka umelowa jasho, hulali, na joto linakupanda darasani, kaa na daktari wa wanawake mzungumzie estrojeni. Viungo vikipata nafuu humohumo, ni nyongeza. Umri wako unafaa, kwani tunapendelea kuanza kabla ya miaka 60 au ndani ya miaka 10 tangu hedhi ikome. Mwenye kizazi lazima apate na projesteroni, la sivyo estrojeni peke yake huongeza hatari ya saratani ya ukuta wa kizazi. Aliyewahi kuugua saratani ya matiti, kiharusi, au damu kuganda mguuni au kwenye mapafu, na anayetokwa na damu ukeni bila sababu kujulikana, asianze kwa kubahatisha. Na tafadhali, vidonge vya majira vya binti yako si mbadala, hasa kama una presha. Kama shida yako ni maumivu tu bila hayo mengine, mimi nisingekuanzishia.

Ningetafuta kwanza yale ambayo habari ya homoni imeyafunika. Vidole vikikakamaa zaidi ya saa moja asubuhi na kuvimba, hiyo inaweza kuwa baridi yabisi, na kuchelewa kuitibu kunaharibu viungo moja kwa moja. Bega linalokataa kuinuka lataka kipimo cha sukari. Pima na tezi ya shingo. Unakunywa maziwa yasiyochemshwa, una homa za kuja na kuondoka? Brusela, ugonjwa unaotoka kwa mifugo, ipo huku kwetu. Umemeza siprofloksasini karibuni kwa ajili ya "UTI" au "taifodi" ya dukani? Dawa hiyo inajulikana kudhuru kano, hasa ya kisigino, hata kuikata.

Na kwa kuwa uko Usa River, nakuuliza maji unayatoa wapi. Miteremko ya Meru ina floraidi nyingi ardhini. Kuna visima na vijito vinavyozidi mara kadhaa kiwango cha Shirika la Afya Duniani cha miligramu 1.5 kwa lita. Meno ya kahawia ya watoto wa ukanda huo kila mtu anayajua, ila watu husahau kwamba floraidi ikinywewa miaka mingi hukakamaza mgongo na viungo, na kano zenyewe huingiwa na chokaa. Kuchemsha hakuitoi, kunaizidisha. Magadi ya kulainishia makande nayo yana floraidi.

Kisigino na bega vikithibitika kuwa ni kano, tiba ni mazoezi ya kuibebesha kano uzito kidogo kidogo chini ya mtaalamu wa fiziotherapia, na yahesabu kwa miezi, si siku. Najua halivutii. Ndiyo maana watu wanakimbilia sindano ya steroidi ya bega "ile inayomaliza kabisa", na ya pili, na ya tatu, wakati kila inayorudiwa kwenye kano inaidhoofisha.

Jambo la mwisho ni kwa yeyote ambaye tayari ametumia makopo haya zaidi ya wiki tatu: usiyaache ghafla nyumbani. Kama mna steroidi, tezi za juu ya figo zimelala, na ukikata kwa siku moja unaweza kulegea, kutapika, presha ikaanguka ukazimia. Njoo hospitali na kopo lenyewe, sema umetumia muda gani, tukupunguzie kwa hatua. Ukianza kutapika au kuzimia kabla hujafika, hiyo ni dharura ya saa hiyohiyo, na umwambie wa mapokezi kwamba umekuwa ukitumia steroidi.