Mitetea wa wiki 15 na chakula cha kutagia

SWALI: Ndugu Mhariri, ninafuga kuku 60 wa rangi nyekundu hapa Ndosho, Goma. Niliwanunua wakiwa vifaranga wa siku moja, na sasa wametimiza wiki 15. Jirani yangu, ambaye amefuga kwa muda mrefu kuliko mimi, ananishauri nianze sasa hivi kuwapa chakula cha kutagia ili wawahi kutaga, na muuzaji wa chakula sokoni ananiambia vivyo hivyo. Mimi huwaongezea pia mawe meusi ya volkeno yaliyopondwa, kwa kuwa nimesikia kwamba yana chokaa ya kutosha. Bandani taa huwaka usiku kucha kwa ajili ya wezi. Je, nifuate ushauri wa jirani?
Mama mfugaji, Ndosho, Goma

JIBU: Mama, usiufuate kwa sasa. Jirani yako hakukutakia mabaya, kwa maana wafugaji wengi huamini kwamba chakula cha kutagia ndicho kinacholeta mayai. Mayai huletwa na umri, uzito wa mwili na urefu wa mwanga wa mchana. Chakula hicho kimetengenezwa kwa ajili ya kuku ambaye tayari anatoa yai, na ganda la yai moja peke yake huchukua takriban gramu 2 za kalisiamu. Ndiyo sababu chakula cha kutagia huwa na kalisiamu ya asilimia 3.5 hadi 4, ilhali mtetea anayekua anahitaji karibu asilimia 1 tu. Mtetea wa wiki 15 hana ganda la kutengeneza, kwa hiyo kalisiamu inayozidi hulazimika kutolewa na figo, nazo zikilemewa kwa majuma kadhaa huharibika. Kuku wa namna hiyo huenda asionyeshe dalili yoyote mpaka atage kwa miezi michache, kisha afe ghafla, na ukimpasua unakuta figo zimevimba na kujaa kitu cheupe kama chokaa iliyolowa.

Kwa hiyo endelea na chakula cha kukuzia, chenye protini ya asilimia 15 hadi 16. Ukipenda kukichanganya mwenyewe, kwa kilo 100 tumia mahindi yaliyosagwa kilo 56, pumba za ngano kilo 22, soya iliyokaangwa na kusagwa kilo 14, sambaza (samaki wadogo wa Ziwa Kivu) wakavu kilo 5, unga wa mifupa kilo 1.5, chokaa ya mifugo kilo 1, na nusu kilo inayobaki iwe chumvi na mchanganyiko wa vitamini kwa mafungu sawa. Soya mbichi usiitie kabisa, kwa sababu ina kitu kinachozuia kuku kumeng'enya protini, na moto ndio unaokiondoa. Sambaza uonje kwanza kwa ulimi: wakiwa wamekaushwa kwa chumvi, acha kuongeza chumvi nyingine. Mahindi yanayonuka uvundo, jambo la kawaida katika mvua zetu, yasiingie bandani hata kama muuzaji amekupunguzia bei.

Katika umri huu kila mtetea hula gramu 70 hadi 75 kwa siku, yaani zaidi kidogo ya kilo 4 kwa kuku wako wote. Hata hivyo, kipimo cha kuaminika zaidi ni mizani. Wakamate kumi au kumi na watano bila kuwachagua, asubuhi kabla hawajala, uwafunge miguu na kuwaning'iniza kwenye mizani ya ndoano mmoja mmoja, huku ukiandika kila uzito. Kuku wekundu wa mayai wanapaswa kuwa na karibu kilo 1.25 sasa, na karibu kilo moja na nusu watakapofika wiki 18. Ukikuta wengine wana gramu 900 na wengine kilo 1.4, tatizo lako ni uchache wa vyombo: wenye nguvu wanakula kwanza, na wanyonge wanaachiwa vumbi. Ongeza vyombo kabla hujafikiria kubadilisha chakula.

Mabadiliko yaanze wiki ya 17. Changanya nusu ya chakula cha kukuzia na nusu ya kile cha kutagia kwa muda wa siku kumi hadi kumi na nne, kwani katika siku hizo mtetea hujenga ndani ya mifupa yake akiba ya kalisiamu atakayoitumia kwa maganda ya kwanza. Utamtambua aliyekaribia kutaga kwa kilemba chekundu, kwa tabia ya kuchuchumaa unapomgusa mgongoni, na kwa mifupa miwili iliyo karibu na tundu la kutagia, ambayo huachana kiasi cha kupitisha vidole viwili. Yakipatikana mayai matatu kwa siku katika banda lako, wape wote chakula cha kutagia kikamilifu.

Taa izimwe, au ihamishiwe nje ya banda, kwa sababu mwanga wa ziada kabla ya wakati huwaharakisha kutaga mwili ukiwa bado mdogo. Matokeo yake ni vijiyai vidogo na, mara nyingine, tumbo la uzazi kutoka nje. Mchana wetu wa saa 12 unawatosha.

Kuhusu mawe ya volkeno, punje zake husaidia firigisi kusaga nafaka, basi unaweza kuendelea kuwapa kidogo. Lakini kalisiamu iliyomo imefungwa ndani ya jiwe, na kuku hawezi kuitoa humo. Chokaa ya kupaka ukutani nayo usiitumie, maana huunguza koo na utumbo. Wakianza kutaga, wawekee chombo cha pembeni chenye punje za mawe ya chokaa au maganda ya mayai yaliyokaushwa motoni. Maganda hayo yaponde mpaka yapoteze kabisa sura ya yai, kwa sababu kuku akishalizoea ganda katika chombo, hulitafuta katika kiota.