Kanda ya Cinderella, upande B

Mwanangu,

Hujambo mama. Sisi huku wazima, mguu wa mama yako umepata nafuu, sasa anakwenda sokoni mwenyewe na kurudi. Ujumbe wako nimeusoma. Unauliza, kati ya albamu ya Cinderella ya mwaka 2007 na Only One King ya 2021, Alikiba amepanda au ameshuka? Mmebishana kazini mpaka chai ikapoa, ukaona umlete baba awe mwamuzi kwa sababu alikuwepo.

Nilikuwepo, ni kweli. Lakini kabla hujaniuliza ipi nzuri, niulize niliisikilizaje. Unajua msimamo wangu, nimewaimbia tangu mko wadogo: albamu inasikilizwa kuanzia mwanzo mpaka mwisho. Ile Cinderella niliinunua Kariakoo siku moja kabla ya safari ya Tunduma, kanda orijino, bado imefungwa nailoni. Kwenye lori hakuna kurukaruka nyimbo. Ukitaka kuruka ushike kitufe, ubahatishe, na mkono mmoja uko kwenye usukani. Kwa hiyo niliisikiliza yote, upande A, nageuza, upande B, Chalinze, Morogoro, mpaka twiga wa Mikumi nadhani walizijua zile nyimbo. Kijana wa miaka 20, sauti laini inapanda juu haikwaruzi, na Kiswahili chake unakielewa hata kama lori linanguruma. Wimbo usioupenda safari ya kwanza, safari ya tatu unajikuta unaupiga mluzi.

Sasa hii Only One King, wewe mwenyewe umeisikilizaje? Kwenye simu, ndani ya daladala, kidole kiko tayari. Ina nyimbo 16. Sekunde ishirini hazijakuingia, umeruka. Halafu unaniambia Cinderella ilikuwa inashika zaidi! Hapo tunapima albamu mbili au tunapima subira yetu?

Ila na mimi nisijifiche nyuma ya hilo. Kuna kilichobadilika kweli. Ile ya kwanza ilikuwa ya mtoto wa Kariakoo anayewaimbia watu wa mtaani kwake. Hii ina wageni: Sauti Sol kutoka Kenya, Sarkodie wa Ghana, Patoranking na Mayorkun wa Nigeria. Kuna mahali namsubiri yeye, namsikia mgeni. Najiambia, mzee, acha choyo, mtu akikua anakaribisha watu sebuleni. Halafu nasema tena, lakini mimi nilikuja kumtembelea mwenye nyumba. Hapo sijajimaliza bado.

Na kile kiangazi cha albamu usikisahau. Baada ya Ali K 4Real ya 2009 alikaa miaka 12 bila albamu nyingine. Nyimbo mojamoja alitoa, na Mwana ya 2014 ilitikisa nchi nzima, kaka yako aliipiga mpaka mama yako akaficha spika. Lakini miaka 12 ni mingi. Watu waliokuwa wanasubiri walikuwa wameshakuwa watu wengine.

Wewe pia. Ndiyo maana swali lako limenirudisha kwenye ile kanda. Unaikumbuka, najua unaikumbuka, ingawa hatujawahi kuizungumzia.

Ilikuwa safari ya pili au ya tatu. Tumeanza kupanda mlima Kitonga, gia ndogo, lori linatambaa, utingo amelala. Upande B, katikati ya wimbo, muziki ukakatika kab! Kimya kidogo, kisha kikohozi cha mtoto, halafu sauti yako: hii ni redio ya nyumbani, ninaanza na salamu. Ukamsalimu mama, ukamsalimu bibi, ukamsalimu kaka ingawa alikunyima kiti. "Na baba, popote pale alipo njiani, ujumbe wangu kwake aendeshe polepole." Halafu ukaimba wimbo wenyewe bila ala, umekosea beti moja, ukaanza upya. Utingo aliamka, akacheka mpaka akagonga kioo kwa kichwa.

Mimi sikucheka. Niliona kanda yangu orijino imeharibiwa. Niliposimama Ilula nikaitoa, nikaona vile vitundu viwili vya juu, vinavyozuia kanda isirekodiwe tena, umeviziba kwa karatasi ya daftari, umeitafuna kwanza ili ikae vizuri. Hesabu ya mtu mzima kabisa, na una miaka tisa! Leo naisifia akili ile. Siku ile niliihesabu kuwa ni utundu.

Niliporudi nilikusema mbele ya shangazi yako na wale wageni wa Tanga. Nilisema maneno yaleyale: kazi ya msanii haikatwi, albamu inasikilizwa kuanzia mwanzo mpaka mwisho. Hukulia. Siku mbili hukunisalimia, na wewe ndiye uliyekuwa unanipokea begi mlangoni.

Hilo siyo linaloniuma zaidi. Kinachoniuma ni kwamba niliipeleka kanda kwenye duka la kurekodia, nikamlipa kijana arudishe ule wimbo palepale ulipokuwa. Aliifanya kazi vizuri mno. Hata mkwaruzo haukubaki. Niliijaribu palepale dukani, nikaridhika, nikaitia mfukoni.

Cinderella leo naipata kwenye simu kwa dakika moja, popote nilipo. Salamu zako sizipati.

Basi, swali lako. Unataka niseme amepanda au ameshuka, na ulimi unaniwasha, mama, usidhani hauniwashi. Nikisema ya zamani ndiyo bora, utaniambia baba analilia ujana wake, na pengine utakuwa na haki. Nikisema hii mpya, nitakuwa nimeisaliti barabara ya Tunduma. Sauti yake sasa imetulia. Hapandi juu kuonyesha kuwa anaweza, anapanda wimbo unapomhitaji. Hilo kijana wa 2007 hakuwa nalo. Lakini kijana wa 2007 alikuwa na haraka fulani ya kupendwa ambayo huyu mkubwa hana tena. Sasa hayo utayaweka kwenye mzani gani?

Sitasema. Waambie wenzako mzee amekataa kuhukumu. Wewe tu nikunong'oneze kilichotokea jana usiku mama yako alipolala. Nilisikiliza Only One King yote, sikuruka hata wimbo mmoja, na Utu niliurudia mara tatu. Halafu nikafungua Cinderella. Nilipofika pale muziki ulipokuwa unakatika, haukukatika. Nikazima.

Baba yako